Nani Anamwajiri Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi?

Mwishoni mwa Julai 1971 gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilichapa tahariri ya kulaani mauaji ya Khartoum. Jenerali Jaafar Nimeiri, mtawala wa Sudan, alikuwa amerejea madarakani baada ya kupinduliwa kwa siku tatu, na kamba ilikuwa imekwisha kazi yake: waziri wa zamani Joseph Garang na Abdel Khaliq Mahjub, kiongozi wa chama cha kikomunisti, walinyongwa. Tahariri haikumung'unya maneno. Muda mfupi baadaye Bi. Frene Ginwala, Mhariri Mtendaji wa gazeti hilo, akaondolewa kazini.

Kisa hiki kina miaka zaidi ya 50, na Khartoum ni mbali na Rapsu, kijiji cha wakulima na wafugaji upande wa Kinna, Isiolo, jirani na Mbuga ya Taifa ya Meru. Lakini kinagusa swali ambalo Rapsu inahitaji lijibiwe mapema, kabla mtu yeyote hajaahidi kuipa Waso, nchi ya Waborana wa Isiolo, ukurasa wake wa fasihi katika gazeti la Kiswahili. Barua ya kazi ya mhariri wa ukurasa huo itatiwa saini na nani, na nani atakuwa na uwezo wa kuichana?

Ginwala hakuwa mtunzi wa mashairi. Alikuwa mwandishi wa hoja, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1932, mpigania uhuru wa ANC aliyesaidia kumtorosha kiongozi wa chama hicho, Oliver Tambo, kutoka Afrika Kusini mwaka 1960 na kisha kuanzisha jarida la Spearhead akiwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 Tanganyika ilimfukuza nchini. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alimwita arudi. Tarehe 5 Februari mwaka huo, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka mitatu, The Standard lilitangazwa kuwa mali ya umma. Rais mwenyewe akashika cheo cha Mhariri Mkuu, na Ginwala akapewa kazi ya kila siku. Mwalimu aliandika hati ya kulielekeza gazeti hilo, na ndani yake akaahidi kwamba litakuwa huru kukosoa, hata kuikosoa serikali, mradi lishike njia ya ujamaa.

Ahadi ile ilikuwa ya kweli, na Ginwala aliichukulia hivyo. Chumba chake cha habari kilikusanya watu waliopenda kubishana, akiwemo Mkenya Philip Ochieng. Walibishana kuhusu Vietnam, kuhusu Msumbiji, na kuhusu ujamaa wenyewe. Kwa mwaka mmoja na nusu gazeti la serikali lilisomeka kama baraza la watu wazima. Kisha likaja suala la Sudan, na ikadhihirika kwamba uhuru wa mhariri ulikuwa umening'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja. Aliyeuandika ndiye aliyeufuta. Hapo ndipo Mwalimu, pamoja na heshima zote anazostahili, alipokosea: alimkabidhi mwanamke huyu gazeti bila kumkabidhi ulinzi wowote.

Fasihi ya magazeti ya Kiswahili ilipitia mkono uleule. Mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi akawaomba walifikishe Azimio la Arusha kwa wananchi, nao wakaitika kwa moyo. Mathias Mnyampala akaipa ngonjera nguvu mpya, na kurasa za mashairi zikajaa majibizano juu ya ujamaa, kazi na uvivu. Ulikuwa wakati mtamu kwa ushairi. Hata hivyo, mlango wa ukurasa huo ulikuwa mwembamba. Shairi lilipofika mezani lilihesabiwa mizani, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikakaguliwa, na lililopungukiwa likatupwa. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, mabishano juu ya mashairi yasiyo na vina yaliendelea kwa miaka mingi. Waliohesabu mizani na waliobishana juu yake karibu wote walikuwa wanaume.

Nikaragua inaonyesha hatari nyingine, na hii ni ya kutisha zaidi. Wanamapinduzi wa Kisandinista waliingia Managua, mji mkuu, Julai 1979. Mwaka uliofuata vijana wapatao 60,000 walitawanyika vijijini kufundisha watu kusoma, na kwa hesabu za serikali kiwango cha wasiojua kusoma kilishuka kutoka takriban asilimia 50 hadi 13. Askari, polisi na wakulima wakaanza kuandika mashairi katika warsha za Wizara ya Utamaduni iliyoongozwa na padri na mshairi Ernesto Cardenal. Gazeti la chama, Barricada, likawa na jarida lake la ndani la fasihi, Ventana, na mhariri wake alikuwa mshairi, Rosario Murillo.

Murillo alifanya kazi ya uhariri kwa kipaji. Mwaka 1981 Ventana lilifungua mjadala mkali kuhusu zile warsha: je, mashairi yote haya hayafanani mno, kana kwamba yametoka kwenye kalibu moja? Swali lilikuwa la haki, na ukurasa wa fasihi usiouliza maswali ya namna hiyo haustahili karatasi yake. Tatizo ni mahali lilipotokea. Murillo alikuwa mwenzi wa Daniel Ortega, kiongozi wa serikali. Cardenal alipokosolewa na Ventana hakuwa anajibizana na mhariri mwenziwe, alikuwa anajibizana na nyumba ya mkuu wa nchi. Wizara yake ikaishia kuvunjwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Leo Murillo ni rais mwenza wa Nikaragua pamoja na Ortega. Mwaka 2022 utawala wao uliifuta Akademia ya Lugha ya nchi hiyo. Februari 2023 uliwavua uraia Sergio Ramírez na Gioconda Belli, waandishi ambao wakati mmoja walikuwa upande wao wa mapinduzi. Mwanamke aliyewahi kuchagua shairi lipi lichapwe ukurasa wa kwanza sasa ana uwezo wa kuamua mshairi yupi ana nchi. Anayedhani kwamba kumweka mwanamke kwenye kiti cha mhariri kunatosha, asiisahau Managua.

Njia bora zaidi ilipatikana hapa nyumbani, Afrika Mashariki. Mwaka 1987 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, akiwemo Fatma Alloo, waliunda chama chao, TAMWA. Wakati huo magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali: Uhuru, Mzalendo, Daily News. Wanawake hao hawakuomba ukurasa ndani ya lolote kati ya hayo. Walianzisha jarida lao wenyewe na kuliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka kijijini Fumba, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928, na akaandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Hapakuwa na rais wa kuwatumia barua ya kuwafukuza. Walikuwa na shida ya fedha, kama kila jarida la aina hiyo, lakini kuhusu nini kichapwe walijibizana wao kwa wao.

Sasa, Rapsu. Habari za eneo hili zikipata nafasi gazetini, kwa kawaida ni za ukame, mafuriko, ndovu walioingia mashambani au ugomvi wa malisho. Kabla ya hapo zilikuwa za vita. Kati ya 1963 na 1967, katika miaka iliyoitwa ya Shifta, Waborana wa Isiolo walikusanywa kwenye kambi, na wengi wakapoteza mifugo yao yote. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuubana mkoa mzima wa kaskazini kwa miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Baada ya vita hivyo skimu za umwagiliaji zilianzishwa Isiolo kwa ajili ya wafugaji waliofilisika. Katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, magazeti ya Nairobi yaliandika habari hizo zote kwa maneno ya serikali. Hayakuwa na mhariri wa kike kutoka Waso wa kuuliza akina mama wa kambini waliimba nini.

Maana waliimba, na wanaimba. Mwanamke wa Kiborana ndiye mjenzi wa nyumba na msukaji wa gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi mpaka kisivuje, na kazi hizo zina nyimbo zake, kama ilivyo harusi na kama ulivyo ulezi wa mtoto. Nyimbo hizo hazikutungwa kwa mizani nane kwa nane. Mhariri aliyezoea tarbia, shairi la mistari minne kwa kila ubeti, atazipima kwa kipimo kisicho chao na kuziona zina kasoro. Ndiyo maana anahitajika mhariri anayeusikia wimbo kwa Kiborana kwanza, auchape kwa Kiborana, kisha aweke Kiswahili pembeni yake, na awe na ubavu wa kumwambia mkubwa wa chumba cha habari kwamba mstari huu hauongezwi silabi.

Sheria haizuii. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ikuze lugha za Wakenya, na Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, vya umma vikiwemo. Nafasi nayo ipo. Serikali ilipoamua mwaka 2015 kuwa na jarida lake, MyGov, kurasa zilipatikana na zikapachikwa ndani ya magazeti ya kibiashara. Kama matangazo ya zabuni yalipata jarida la ndani, nyimbo za Waso haziwezi kuambiwa karatasi ni ghali.

Jaribu litakuja kwa sura ya fadhila. Gavana fulani, au mbunge anayeutafuta ugavana, atajitolea kulipia ukurasa huo na kumpendekeza binti wa jamaa yake auhariri. Inafaa kukataa mapema. Kaunti inunue matangazo kama mteja mwingine yeyote, na iishie hapo. Mhariri aajiriwe na gazeti kwa mkataba wa muda maalumu, miaka mitatu kwa mfano, na asiondolewe kwa sababu ya alichochapa bila bodi ya uhariri kukaa, kumsikiliza na kuandika sababu zake gazetini humo humo. Watunzi walipwe, hata kama ni kiasi kidogo, na mama anayeimba bila kujua kuandika atajwe jina lake akiridhia, siyo jina la kijana aliyemrekodi kwa simu.

Ginwala aliishi hadi kuiona Afrika Kusini huru. Kuanzia 1994 hadi 2004 alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la kidemokrasia la nchi yake, na alifariki Januari 2023. Pale bungeni alikuwa amechaguliwa na wabunge, na kumwondoa kungehitaji kura yao. Mhariri atakayepokea nyimbo za Rapsu hahitaji cheo kikubwa namna hiyo. Mkataba wa kurasa mbili, uliosainiwa na mwenye gazeti mbele ya wakili, utamtosha kuanza kazi.