Kabati la Vioo na Zidaka Zetu

Katika safari zangu za Kitale na Bungoma nimeona sebuleni makabati ya vioo yenye miguu iliyonyooka, iliyochongwa mifereji midogo. Asili ya umbo hilo ni Ufaransa. Lilienea enzi ya mfalme Louis wa 16 (1774–1792), mafundi walipoacha miguu ya kupindapinda wakaiga nguzo za Wagiriki na Warumi. Kuiga si aibu. Ninalosikitikia ni wenzetu wa pwani wanaonunua kabati, kisha wakaziba zidaka za chokaa, ambamo wazee wa Lamu katika karne hiyohiyo ya 18 walipanga sahani za kaure. Ndugu zangu, kabati hununuliwa tena. Kidaka kikivunjwa, kimekwenda.