Asilimia 30 Si Sheria

Taja ajali ya bodaboda kwenye kibanda chochote cha chai mjini Kakamega na utapewa ushauri wa kisheria kabla kikombe hakijapoa: usitoe hata shilingi, wakili atafungua kesi bure, mkishinda anakata asilimia 30, mkishindwa hakudai kitu. Ndivyo sheria inavyosema, utaambiwa, na hata waliosoma wataitikia kwa kichwa.

Sheria inasema kinyume chake. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinabatilisha makubaliano yoyote ambayo wakili wa kesi atalipwa pale tu atakaposhinda, au atalipwa viwango tofauti kwa kutegemea kushinda na kushindwa. Ada yake hupimwa kwa Amri ya Malipo ya Mawakili, na humo hakuna mahali panapompa asilimia 30 ya mguu wako uliovunjika.

Nitajibiwa kwamba maskini hana njia nyingine. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Wakili kukubali kusubiri pesa zake hadi kesi iishe ni jambo moja. Kujikatia fungu la fidia ni jingine.

Linaloniudhi zaidi ni hili la gharama za kesi. Kwa kawaida aliyeshinda hupewa na mahakama fidia, riba na gharama. Hizo gharama huongezwa juu ya fidia na hulipwa na aliyeshindwa, mara nyingi kupitia kampuni yake ya bima, ili zikupunguzie mzigo wa kumlipa wakili wako. Tuseme umepewa fidia ya shilingi 1,000,000 na gharama za 150,000. Wakili akikata 300,000 kwenye fidia, kisha zile 150,000 zikapita kimya, wewe unaondoka na 700,000 huku unamshukuru kwa kukufanyia kazi ya bure.

Haya yote huanzia kwenye fomu. Broka anakuja wodini nayo, imeandikwa Kiingereza, mgonjwa ana dripu mkononi, mama yake anaambiwa aweke kidole hapa na hapa, haraka, kesi isije ikapotea. Haipotei. Kwa madai ya ajali una miaka 3, au miezi 12 kama unaishtaki Serikali. Na huyo broka anayelipwa kumtafutia wakili wateja anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 38 cha sheria ile ile.

Msidhani pia kwamba mkataba wowote mbaya unaweza kutiwa sahihi leo na kulalamikiwa kesho. Mkataba halali wa ada, ulioandikwa na ukatiwa sahihi na mteja, unafunga mlango muhimu. Bila mkataba huo, bili ya wakili inaweza kupelekwa kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu, papa hapa Kakamega, aipitie kipengele kwa kipengele na kukata kilichozidi. Ukiwa nao, kifungu cha 45 kinakuachia njia nyembamba tu: kuiomba mahakama iufute au iurekebishe kwa kuwa ni wa kinyonyaji au umepita kiasi, ndani ya mwaka 1 tangu mlipoufanya au miezi 3 tangu wakili akudai kwa maandishi, ipi itakayochelewa.

Kwa hiyo fomu na ibaki kitandani kwanza. Asomewe mgonjwa kwa lugha anayoielewa, kiasi kitajwe kwa shilingi, na wakili mwenyewe, si broka, aandike mstari mmoja: gharama zitakazolipwa na upande wa pili zitakwenda kwa nani? Akijibu kwamba hizo ni za ofisi, aulizwe ile asilimia 30 ilikuwa ya nini.