NYUMBA ZA MJI MKONGWE: NANI ALIYETIA SAINI?



Malalamiko yanayosikika katika vibaraza vya misikiti ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni yale yale kila mwaka: mgeni amekodi nyumba, amevunja kuta, ameweka mkahawa juu ya paa, na sasa wateja wake wanaangalia ndani ya ua wa jirani. Lawama zote humwendea mgeni. Sisi tunasema lawama hizo zimeishia nusu ya njia.

Tuitazame sheria kwanza. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na haki ya kuimiliki kwa matumizi ni ya Mzanzibari. Mgeni hukodishwa tu. Na huo mkataba wa kukodi haumpi ruhusa ya kuigeuza nyumba apendavyo. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya Hifadhi na Uendelezaji tangu 1985, na tangu 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Anayetaka kuifanya nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni hana budi apeleke michoro, aombe kubadilisha matumizi, kisha asubiri. Kanuni hiyo inamhusu Mtaliana kama inavyomhusu Mpemba.

Basi paa lile lilijengwaje? Kuna dalali anayemnong'oneza mgeni kwamba kuomba ruhusa ni kupoteza wakati. Kuna fundi anayeanza kazi Ijumaa jioni ofisi zikishafungwa, na Jumatatu ukuta umekwisha simama. Na kuna aliye mbaya kuliko hao wote: ndugu yetu wa safu ya mbele, anayemkodisha mgeni jina lake. Hati ni yake, ombi la “ukarabati mdogo” ni lake, saini ni yake. Fedha na amri ni za mtu mwingine. Ukimwambia kuwa huo ni ushahidi wa uongo, hukasirika. Tuuiteje basi? Tena anamdhulumu hata huyo mgeni, ambaye siku wakigombana atajikuta hana karatasi hata moja ya kumtetea.

Wapo wanaosema kwamba wageni wameziokoa nyumba zilizokuwa zikianguka. Hili lina ukweli. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikajaa wapangaji na kukosa matengenezo, na wako wageni waliozirudishia chokaa na boriti kwa subira ambayo wengi wetu hatukuwa nayo. Hao tunawashukuru, na hao ndio waliofuata njia ya michoro na ruhusa. Lakini nyumba ya mawe ya matumbawe si banda la kuchezea. Upana wa vyumba vyake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Saruji ikipakwa juu ya chokaa hufungia unyevu ndani ya ukuta. Palipokuwa na choo kimoja pakiwekwa vyoo sita, bomba moja linalovuja linatosha kuozesha dari nzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash, iliporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Ikiwa hayo yalitokea mahali palipo na wahandisi, itakuwaje kwa nyumba inayovunjwa usiku?

Kisha kuna stara. Wazee walijenga baraza nje kwa ajili ya mgeni, na ua ndani kwa ajili ya watu wa nyumbani. Surat an-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya idhini, na mafaqihi wamelijadili kwa karne nyingi suala la dirisha linalofunguliwa kuelekea kwa jirani. Jicho nalo huingia. Mama aliyekuwa akianika nguo zake juani kwa miaka thelathini leo anajifungia chumbani kwa sababu ya meza nane zilizowekwa juu ya kichwa chake. Nani alimwonyesha michoro?

Mtatuuliza mbona wakubwa huachiwa. Swali hilo ni halali. Hoteli ya Mambo Msiige, pale Shangani, ilijengwa huku Kamati ya Urithi wa Dunia ikieleza wasiwasi wake, na ikafunguliwa 2015. Wenye dhamana walijibu vipi, wananchi wana haki ya kujua. Ila kosa la mkubwa haliisafishi saini ya mdogo.

Tunazitaka kamati za misikiti zidai jambo moja kwa Mamlaka: michoro ya kila ombi ibandikwe mlangoni mwa nyumba inayohusika, kwa Kiswahili, kabla ya ruhusa kutolewa, ili jirani aseme mapema. Na aliyekwisha kodisha jina lake aende kwa wakili mwezi huu, hati iandikwe ukweli wake, yeye na mgeni wake wakiwa hai wote wawili. Wakichelewa, warithi wao ndio watakaokutana mahakamani, na hakuna kati yao atakayejua nani alilipa nini.