Twiga Ajue Anamtumikia Nani

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mapema mwaka 1977, Tanzania ilijikuta ina viwanja lakini haina shirika lake la ndege. Machi 11 mwaka huo huo Taifa likaunda shirika lake, na Twiga akaanza kuruka.

Njia haikuwa nyoofu. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Ubia huo haukuzaa matunda, na mwaka 2006 Serikali ikazirejesha. Mwaka 2016 Serikali ilianza kulifufua shirika kwa ndege mpya, na mwaka 2018 zikawasili Boeing 787 na Airbus A220. Mwishoni mwa mwaka huo Fastjet iliacha kuruka nchini. Tangu hapo shirika la umma limekuwa ndilo lenye sauti kubwa katika safari za ndani zinazoanzia Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam.

Jambo hilo ni la kujivunia. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye soko mkononi hushawishika kupandisha nauli na kuzembea, kwa kuwa abiria hana pengi pa kukimbilia. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 katika mwaka wa fedha 2022/23. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukalizuia shirika kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama. Wingi wa abiria, basi, si ushahidi wa uongozi bora.

Mkulima wa alizeti wa Singida huenda hajapanda ndege hata mara moja, lakini ndege hizo ni zake, kwani zimenunuliwa kwa fedha za umma. Mtumishi wa Singida Mjini naye amezoea kusafiri kilometa 240 hivi kwa barabara hadi Dodoma ndipo aione ndege. Hao ndio wenye mali, nao wana haki ya kudai hesabu.

Haitoshi kuhesabu ndege zilizonunuliwa. Yapasa kuhesabu safari zilizoondoka kwa wakati, shilingi iliyorudi hazina, na mikoa iliyofikiwa. Viongozi wa shirika hawana budi kukomesha uzembe, na mafundi kutunza ndege kwa nidhamu isiyo na msamaha. Utawala wa anga usiogeuka kuwa utumishi ni mzigo kwa mwananchi.