Mafuta ya samaki ni poa, lakini usitupe dawa yako

Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu akiwa na furaha. Kuna mtu wa TikTok amemuuzia chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, eti vinamaliza kisukari. Pesa aliyolipa ingetosha nusu ya kodi ya nyumba. Kilichonitisha zaidi si pesa. Alikuwa ameacha kumeza metformini.

Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma. Nikaingia mtandaoni kutafuta ukweli, na nataka nawe uujue kabla hujatoa doo.

Ukijikata na kisu, pale mahali panavimba, panapata joto, panauma. Huo unaitwa mchochota: mwili umetuma askari wake kupigana na viini. Vita vikiisha, lazima mtu awaambie askari warudi kambini. Mwaka 2002, Charles Serhan wa Harvard na wenzake walizipa jina kemikali zinazofanya kazi hiyo: rizolvini. Na mwili huzitengeneza kutokana na omega-3, yale mafuta yaliyo kwa samaki. Kwa hivyo muuzaji hakutoa hadithi yake hewani.

Sasa angalia unene. Mafuta ya tumbo yakizidi, askari huingia humo na kukataa kutoka. Husikii maumivu, lakini moto unawaka pole pole. Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya mchochota iitwayo TNF-alfa. Walipoizuia, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi. Insulini ndiyo hubisha mlango wa seli ili sukari iingie. Moto ukiwaka, seli zinajifanya hazisikii. Kongosho linaongeza insulini mpaka linachoka, na hapo kisukari kinaingia.

Mwaka 2011, watafiti waliwapa panya wanene wenye kisukari rizolvini yenyewe. Askari walipungua kwenye mafuta na insulini ikasikika tena. Poa sana, sivyo?

Lakini wewe si panya, na chupa ya shangazi haina rizolvini. Ina mafuta ya samaki tu. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya majaribio 83 ya watu uligundua kwamba kuongeza omega-3 hakuzuii kisukari wala hakukitibu kwa kiwango cha maana. Huyo jamaa amechukua sayansi ya kweli akaitumia kuuza uongo.

Unataka omega-3? Nunua omena sokoni, upike na nyanya. Shuka matatu stage moja kabla ya yako utembee, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari. Punguza soda. Pima sukari hata kama una miaka 23 na unajiona fiti. Na ukiandikiwa dawa, anayeweza kukuambia uiache ni daktari, si influensa.

Pia tuache kuwacheka wanene mtaani, eti ni wavivu. Ndani ya mwili kuna moto ambao matusi hayawezi kuuzima.

Shangazi alirudi kliniki wiki iliyofuata. Wako je? Mpigie simu leo, umuulize anameza nini.