Kuahirisha Kesi Kuwe na Mwisho

Wahenga walituachia semi mbili ambazo kwa msikilizaji wa juu juu zinapingana. Walisema kawia ufike. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini semi hizo hazipingani hata kidogo. Anayekawia yumo safarini, na ana matumaini ya kufika. Anayengoja bila ya kujua siku wala saa ndiye matumbo yake yanayoumia. Tunapozitazama mahkama zetu za Unguja na Pemba, suali la kujiuliza ni hili: mwananchi aliyefungua kesi yake yumo safarini, au anangoja tu?

Suali hili tunalileta mbele ya wananchi na watendaji wa Serikali kwa sababu kila mwaka, makadirio ya fedha yanapofikishwa katika Baraza la Wawakilishi huko Chukwani, mazungumzo ya mabarazani huwa juu ya barabara, skuli na hospitali. Hatuna ugomvi na barabara wala skuli. Tunalosema ni kwamba haki nayo ni huduma ya wananchi, na kama zilivyo huduma nyengine, haitolewi kwa maneno matupu. Inataka hakimu, karani, karatasi, na nauli ya shahidi.

Mfumo wa mahkama tulionao msingi wake ni Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na sheria za mwaka 1985 zilizopanga upya Mahkama Kuu, mahkama za mahakimu na Mahkama za Kadhi. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu 640,685 Zanzibar nzima. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 1,889,773. Tumekaribia kuwa mara tatu, na visiwa havikupanuka hata shubiri moja. Watu wengi juu ya ardhi ile ile maana yake ni mipaka inayogombaniwa, mirathi inayodaiwa na mikataba inayovunjwa. Ni dhahiri kwamba idadi ya mahakimu na makarani ikiwa haikui kwa kiasi kinacholingana na ongezeko hilo, majalada yatarundikana, hata kama kila mtumishi atakuwa mwadilifu na mchapakazi.

Wako wazee wanaokumbuka Mahkama za Wananchi, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1969 na kuondoka kwa sheria za mwaka 1985. Husema kwamba siku zile kesi hazikulala. Huenda ni kweli, lakini tusisahau kwamba mshitakiwa wa siku zile hakuruhusiwa kuwa na wakili. Hatutaki kurudi huko. Haraka inayomnyima mtu nafasi ya kujitetea si haki, na ucheleweshaji unaomchosha mwenye haki mpaka akaiacha nao si haki. Tunachotaka ni njia ya katikati, nayo ina gharama yake.

Natutoe mfano ambao kila aliyepitia chuoni ataufahamu. Mtu amefariki, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mafungu ni 32: mke 4, mwana 14, na kila binti 7. Hesabu hiyo kadhi huimaliza kwa muda mfupi sana. Lakini warithi wakigombana juu ya shamba, jalada likakaa miaka, na yule mwana akafariki kabla ya kugaiwa, akaacha mke na watoto watano, yale mafungu 14 nayo yanageuka kuwa mirathi nyengine ndani ya mirathi ya kwanza. Mama yake ana sehemu yake, mkewe ana sehemu yake, na watoto wake wana yao. Wanazuoni wanaliita jambo hili munasakha. Walioanza mbele ya kadhi walikuwa watu wanne. Sasa ni tisa, na baadhi yao ni watoto wadogo wasioweza kujisemea. Ucheleweshaji haukuiweka kesi pale pale ilipokuwa. Umeizalisha.

Lipo jambo zito zaidi ya shamba. Sheria za mwaka 2018 zilizidisha ukali juu ya wanaowadhalilisha wanawake na watoto, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahkama maalumu ya kesi hizo. Hatua hizo tuliziunga mkono na tunaendelea kuziunga mkono. Lakini ukali wa sheria haumfikii mkosaji iwapo shahidi hayupo. Mtoto wa miaka minane akiahirishiwa kesi mara tano, anapoitwa mara ya sita keshasahau mengine, au keshakatazwa kusema. Mama yake amekwishaacha kazi yake siku tano, na nauli ameikopa kwa jirani. Katika muda huo muhali umekwishaingia nyumbani. Wazee wa upande wa pili wamekuja na maneno ya udugu, wamekuja na fedha, na siku ya kesi mlalamikaji haonekani. Mshitakiwa anaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na mtaa mzima unaambiwa kwamba mahkama imemsafisha.

Hapa nasi tulio katika Chama hatuna budi kujisahihisha. Wapo viongozi wa matawi na wazee wa mitaa yetu wanaosimamia sulhu hizo wakidhani wanajenga umoja. Sulhu katika mgogoro wa mpaka wa shamba ni jambo jema, na inaipunguzia mahkama mzigo. Sulhu juu ya mwili wa mtoto ni kuuza haki isiyokuwa yetu.

Upande wa pili nao una haki zake. Aliyeko rumande hajahukumiwa. Kila tarehe inayosogezwa ni siku za umri wake anazolipa kwa kosa ambalo pengine hakulitenda. Na anayekata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania hutegemea vikao vinavyofanyika hapa kwa nyakati maalumu. Kumbukumbu za kesi yake zikiwa hazijachapwa, kikao kitampita, naye atangoja kingine.

Katika barua mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi ameelekezwa kumwekea muda anayedai ushahidi usiokuwepo. Akiuleta apewe haki yake, na akishindwa hukumu ipite. Maana yake ni kwamba nafasi hutolewa, ila nafasi hiyo ina mwisho. Msingi huo huo umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inayozitaka mahkama zisicheleweshe haki bila ya sababu ya msingi. Mahkama Kuu ya Zanzibar si chombo cha Muungano, lakini haki haina bahari inayoigawa.

Kwa hivyo tunatoa rai zetu waziwazi. Kwanza, fungu la nauli na posho za mashahidi litengwe mbali na matumizi mengine ya Mahkama na lisiguswe, khasa kwa kesi za watoto na kwa mashahidi wanaovuka bahari kati ya Unguja na Pemba. Pili, hakimu asihamishwe kabla ya kumaliza kesi ambazo amekwishasikiliza mashahidi wake, isipokuwa kwa dharura; hakimu mpya anayelazimika kuwaita upya mashahidi wale wale ni gharama mara mbili. Tatu, waajiriwe makarani na wachapaji wa kutosha, ili hakimu asipoteze asubuhi nzima akiandika kwa mkono. Nne, kila ombi la kuahirisha liandikwe sababu yake na jina la upande ulioliomba, na kila mwaka Mahkama itangaze ni kesi ngapi zimezidi miaka miwili na kwa sababu gani. Hapo Wawakilishi watapitisha fungu wakijua wanatibu maradhi gani.

Watendaji wa Hazina watasema kwamba fedha ni chache. Tunakubali. Lakini kesi iliyoahirishwa mara kumi kwa kukosa nauli ya shahidi imekwishakula mishahara ya hakimu, karani, mwendesha mashitaka na askari, mara kumi, bila ya hukumu. Nauli ya shahidi mmoja kutoka Makunduchi au Konde haiwezi kulingana na hasara hiyo.

Mwananchi anayetoka mahkamani aliyeshindwa kesi kwa haki anaweza kurudi nyumbani na kulala. Anayerudi na tarehe nyengine mkononi, mwaka wa tatu sasa, atajifunza kutafuta haki yake kwa njia nyengine, na njia hizo hakuna kati yetu anayezitaka. Mahkama zipewe nyenzo zake, nazo ziwajibike kuhukumu kwa wakati.