UTAFITI WA SARATANI: NANI AULIZE MASWALI?



Katika kambi moja ya wachumaji wa majani chai, upande wa Kericho, walifika vijana wa chuo na makaratasi yao. Waliwauliza mama zetu: Wanywa chai vikombe vingapi kwa siku? Wanywa busaa? Wapikia kuni? Wakajaza makaratasi, wakatia watu sahihi, wakapanda gari wakaenda zao. Mmoja wa mama wale, mwanachama wetu, wakati huo alikuwa hawezi tena kumeza ugali. Zahanati ilikuwa imempa dawa ya vidonda vya tumbo kwa miezi minane. Alipofika hospitali kubwa aliambiwa ni saratani ya umio, tena amechelewa. Tulichanga nauli, tukachanga gharama za kitanda, mwisho tukachanga za jeneza. Majibu ya makaratasi yale hatujayaona mpaka leo.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wenye elimu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, huko Bomet, waliandika katika jarida la The Lancet kwamba saratani hiyo yawapata hata vijana. Tangu 2013 hadi 2018 wataalamu walifanya utafiti mkubwa Eldoret, wakaona kuwa chai ya moto sana na pombe zaongeza hatari. Na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto wa kupita digrii 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Kazi hiyo ni njema, na waliofanya twawashukuru.

Lakini tazameni inavyoishia. Mchumaji aambiwa: Dada, acha chai ya moto. Basi! Hakuna aliyemwuliza kwa nini aimeza ikiwa moto. Sisi tungemwuliza, kwa sababu twajua. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Dakika anayokaa akingoja kikombe kipoe ni majani ambayo hayakuingia kikapuni, na nyapara amesimama pale. Kwa hiyo huigugumia chai ikifuka moshi, akarudi mstarini. Hiyo ndiyo mnayoiita tabia yake? Sisi twaiita saa za kazi. Vile vile moshi wa kuni ndani ya nyumba ya kambi: nani aliyejenga nyumba ile bila bomba la moshi? Na dawa zinyunyizwazo katika mashamba ya maua, nani anayeandika jina la dawa, tarehe, na jina la aliyebeba bomba mgongoni?

Neno hili si la maneno matupu, lina pesa ndani yake. Sheria ya 2007 juu ya mafao ya wanaoumia kazini yakubali kwamba ugonjwa uliotokana na kazi ulipwe. Lakini mtu anayenyunyiza dawa kwa miaka ishirini kisha akapata saratani ya damu atathibitishaje? Mwajiri atasema, leta ushahidi. Ushahidi hutoka katika utafiti, na utafiti huo haujafanywa, kwa kuwa mwenye fedha hakutaka kuuliza swali hilo. Hivyo mjane aenda nyumbani mikono mitupu.

Hesabu ya shirika lile lile kwa mwaka 2022 yaonyesha kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na waliokufa walipita 29,000. Mwenye nacho huchunguzwa mapema na kupanda ndege akitaka. Maskini hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea.

Na fedha, je? Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya afya iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Twalipa, iwe twapenda au hatupendi. Tena kuna Sheria ya Sayansi ya 2013 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kusema Hazina itie humo asilimia 2 ya pato la taifa. Asilimia hiyo haijatimizwa. Serikali imezoea kungoja wageni walipe. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika la USAID na kukata fedha nyingi za utafiti wa nchi za nje, na miradi mingi ikasimama ghafula. Mwenye mfuko ndiye mwenye swali, na akiufunga mfuko, swali nalo limekwisha.

Wako watakaocheka: wachumaji chai watafanya utafiti? Na wakumbuke Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa motokaa maili kama 10,000, wakipita hospitali ndogo ndogo wakiuliza: uvimbe huu mwauona hapa? Ramani ya ugonjwa ule ilitokana na majibu ya watu waliokuwa karibu na wagonjwa. Hatusemi karani wa tawi asome damu kwa darubini. Daktari na aajiriwe, alipwe vizuri, lakini aajiriwe na kamati ambamo wachumaji, wanyunyizaji na jamaa za wagonjwa ndio wengi. Kamati ichague swali, ishike daftari la fedha, na majibu yasomwe barazani kwa Kiswahili, Kikipsigis na Kigusii kabla hayajapelekwa ng'ambo.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba ujao twataka kifungu cha mfuko huo, mwajiri atie fungu lake, na siku moja ya malipo kamili kila mwaka kwa uchunguzi wa saratani. Serikali nayo twaidai sehemu ya ule Mfuko wa Taifa. Waajiri watasema hawana fedha. Walisema hivyo hata tulipodai buti.

Kila tawi lilete majina mawili kwenye mkutano wa wajumbe, moja lazima liwe la mwanamke mchumaji. Na kila mwanachama anayenyunyiza dawa aanze leo kuandika katika daftari jina lililo kwenye mkebe. Kama mkebe umebanduliwa karatasi, aandike hivyo pia.